Macho ya Kutunga Uzi

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na fahari moja, binti yake mkubwa.

"Huyu hutunga uzi sindanoni kabla sijapepesa jicho," aliwaambia wateja.

Akitoka shule, binti alikaa chumbani kushona vifungo, kitambaa karibu kigusane na pua. Mdogo wake, kitindamimba, aliketi pembeni akiokota vipande vya nguo. Nje hawakutoka.

"Nje kuna vumbi na maneno," mama yao alisema. "Mtoto mwenye adabu hutulia ndani."

Siku moja shangazi yao alikuja akiwa amenuna.

"Wifi, mwanao ana maringo. Nimempungia mkono ng'ambo ya barabara, ananitazama tu."

Fundi akachukua kiboko.

"Sikumwona, mama," binti alilia.

"Unaona tundu la sindano, unamkosa shangazi yako mzima?"

Akamchapa kweli kweli.

Mwezi uliofuata, muuguzi wa macho alipima watoto shuleni. Akamwita fundi na kumwonyesha ubao wa herufi ukutani. Binti hakuweza kusoma hata ile kubwa ya juu.

"Mwanao anaona vya karibu tu," muuguzi alisema. "Vya mbali ni ukungu. Miwani itamwonyesha, ila haitamponya."

"Nimemharibu mimi?"

"Huenda ni kurithi pia. Lakini kazi za karibu kila siku, bila kutoka nje mchana, huongeza hatari. Mdogo wake nimempima pia, bado anaona vizuri. Mwache acheze nje mchana, kwa muda wa saa mbili hivi kila siku. Hata kivulini mwanga unatosha. Ila asilikodolee jua macho."

Majuto ni mjukuu, na wa fundi alizaliwa siku ile. Alitembea kurudi nyumbani akikumbuka kila fimbo.

Kuanzia hapo vifungo alishona mwenyewe. Kila alasiri watoto wote wawili walikimbizana uwanjani. Mdogo alipopimwa tena mwaka uliofuata, macho yake yalikuwa mazima.

Jioni moja shangazi alitokea mwisho wa barabara. Binti, miwani usoni, alimwona kutoka mbali akamkimbilia.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi aliingia kwa fundi akicheka.

"Umeona, wifi? Kiboko kimemfunza adabu."

Fundi hakuinua uso.

"Ni miwani, wifi. Kile kiboko kilinistahili mimi."