Mkondo wa Juu, Kipandio Kilekile

Kila siku ya shule Corinne Aasen alikuwa akiamka kabla ya jua. Alikunywa kahawa akiwa amesimama, kisha akatoka kwenda kuwasha basi la shule. Mji wao uko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na mwezi wa Januari injini ya basi ilinung'unika nusu saa nzima kabla ya kukubali kwenda. Corinne naye alinung'unika. Aliinung'unikia theluji. Aliwanung'unikia wazazi wanaochelewesha watoto. Alimnung'unikia mumewe Duane, aliyekuwa akimaliza maziwa na kurudisha pakiti tupu kwenye friji.

Asubuhi moja alikuwa na jambo zito zaidi. Barua ya shule ilikuwa mfukoni mwake. Binti yake Britta alikuwa darasa la nane, na mwaka uliofuata angeingia shule ya upili. Barua ilisema: *Hisabati: Aljebra ya Kwanza, mkondo wa kawaida.*

"Wa kawaida!" Corinne alimwambia Britta mezani. "Wewe unayepata alama za juu kila muhula? Wamekupangaje hivi?"

"Wametumia ule mtihani wa Oktoba, Mama."

"Oktoba ulikuwa na homa! Ulifanya mtihani huku unapiga chafya!"

"Najua, Mama. Pua ilikuwa yangu."

Corinne hakucheka. Alikuwa akimfikiria Wade, mwanawe mkubwa. Wade alitaka kuwa mhandisi. Alimaliza shule vizuri, kila mtu akampigia makofi. Alipofika chuoni akaambiwa hisabati aliyosoma haitoshi. Akapangiwa somo la kuziba pengo, somo ambalo halikuhesabiwa kwenye shahada. Akachoka. Akarudi nyumbani kabla mwaka haujaisha. Sasa alikuwa akitengeneza tanuri za kupasha nyumba joto. Ni kazi nzuri, na Wade ni fundi hodari. Lakini hakuichagua.

"Mmoja walinifanyia hivyo," Corinne alisema. "Wawili, hapana."

Siku hiyohiyo alikwenda shuleni. Mshauri wa masomo, Bwana Lofgren, alikuwa kijana mpole mwenye tai yenye picha za samaki. Alikuwa na wanafunzi mia nne wa kuwapangia masomo.

"Nataka binti yangu awekwe mkondo wa juu," Corinne alisema, hata kabla ya kukaa.

Alikuwa amejiandaa kwa vita. Alibeba ripoti za miaka mitatu. Lakini Bwana Lofgren alitazama alama, akabonyeza vitufe mara mbili, akatabasamu.

"Tayari, mama. Aljebra ya Kwanza, mkondo wa juu."

"Basi?"

"Basi."

Corinne alitoka akijiona jemadari. Jioni alioka keki, na familia ikala kusherehekea.

Kesho yake alimsimulia Mwalimu Verna Quist. Mwalimu Verna alifundisha hisabati miaka thelathini na mmoja. Baada ya kustaafu alichoka kukaa nyumbani, akaomba kazi ya kusaidia watoto wadogo ndani ya basi. Kila alasiri yeye na Corinne walikaa ndani ya basi wakingoja kengele. Miaka miwili walikuwa wakiongea habari za magoti na binamu. Habari za hisabati, kamwe.

"Wamemweka mkondo wa juu!" Corinne alisema.

"Vizuri. Wa somo gani?"

"Aljebra ya Kwanza."

Mwalimu Verna akavua glavu.

"Corinne, mwanangu, Britta anataka kufanya nini baadaye?"

"Anataka kujenga madaraja. Tangu ana miaka tisa."

"Basi hujamaliza kazi."

"Sijamaliza vipi? Nimepata mkondo wa juu!"

Kioo cha basi kilikuwa na ukungu kwa baridi. Mwalimu Verna alichora ngazi kwa kidole. Ilikuwa na vipandio vitano.

"Kipandio cha kwanza, Aljebra ya Kwanza. Cha pili, jiometri. Cha tatu, Aljebra ya Pili. Cha nne, matayarisho ya kalkulasi. Cha tano, kalkulasi yenyewe, hisabati ya mabadiliko ambayo wajenzi wa madaraja hawawezi kuikwepa. Shule yetu inafuata mpango huo. Huwezi kuruka, maana kila kimoja kinakaa juu ya kingine. Sasa niambie, shule ya upili ni miaka mingapi?"

"Minne. Darasa la tisa mpaka la kumi na mbili."

"Na vipandio?"

Corinne alihesabu kwenye kioo. Alihesabu tena. Uso ukaanza kumwaka.

"Vitano."

"Ndiyo. Ukianza cha kwanza darasa la tisa, na ukapanda kimoja kila mwaka, shule inaisha ukiwa cha nne. Wanaofika kalkulasi wengi wao walisoma Aljebra ya Kwanza wakiwa darasa la nane."

"Na mkondo wa juu?"

"Hilo ni swali jingine kabisa. Mkondo wa juu ni somo lilelile, kipandio kilekile. Ila mnachimba zaidi, maswali ni magumu zaidi, mnakwenda haraka kidogo. Ni jambo zuri. Lakini haukupandishi popote."

Corinne alipiga usukani. Honi ikalia, na theluji ikaporomoka kutoka kwenye mti.

"Nimeoka keki, Mwalimu! Keki nzima! Kwa nini yule mshauri hakuniambia?"

"Uliomba mkondo, akakupa mkondo. Hukuomba ngazi."

"Ningeiombaje ngazi nisiyojua kama ipo? Na wewe! Unakaa nyuma yangu miaka miwili, unanisimulia magoti yako!"

"Hukuniuliza," Mwalimu Verna alisema taratibu. Kisha akaongeza, "Nami ningeweza kusema bila kuulizwa. Hapo umenipata. Wade pia alikuwa mwanafunzi wangu, na sikusema kitu."

 Kengele ililia, na watoto wakaja na buti zao na kelele zao.

Wiki iliyofuata walikwenda watatu kwa Bwana Lofgren: Corinne, Britta na Mwalimu Verna. Safari hii Corinne alibeba swali moja tu, ameliandika kwenye karatasi.

"Binti yangu akianza hapa, atamalizia wapi? Na kama anataka kumalizia kalkulasi, kuna njia gani?"

Bwana Lofgren alitoa karatasi kutoka droo ya chini kabisa. Ilikuwa na ngazi nzima, na mishale.

"Ipo?" Corinne aliuliza kwa sauti ndogo ya hatari. "Hii karatasi ipo? Siku zote?"

"Ipo, mama."

"Ndani ya droo?"

Bwana Lofgren akawa mwekundu mpaka masikioni. "Kwa kweli hakuna anayeiomba," alisema.

Britta alimkanyaga mama yake mguu chini ya meza. Corinne akameza maneno.

Mshauri alieleza. Britta angeweza kufanya mtihani wa kupima kama tayari anaijua Aljebra ya Kwanza. Akifaulu, ataanza na jiometri. Asipofaulu, darasa la kumi anaweza kusoma jiometri na Aljebra ya Pili kwa pamoja, mwaka mmoja. Fomu ya kuomba hivyo hurudishwa mwezi wa Februari wa darasa la tisa. Ikichelewa, nafasi hakuna.

Britta alifanya mtihani. Alikosa kwa alama nne.

"Alama nne!" Corinne alisema, watatu wakiwa tena ofisini. "Nne tu!"

"Kuna fomu nyingine," Bwana Lofgren alisema. "Mzazi akitia saini, tunampandisha hata hivyo. Lakini akizama, ni juu yenu."

Corinne alikwisha kukamata kalamu.

"Mama, ngoja," Britta alisema.

"Ningoje nini tena? Nimengoja tangu Januari!"

"Maswali niliyokosa yote ni ya namna moja. Milinganyo ya kipeo cha pili. Siijui. Sikukosea, Mama. Siijui."

"Utaisoma mbele ya safari."

"Mbele ya safari watakuwa wanaitumia, siyo kuifundisha."

Corinne alimtazama Mwalimu Verna, akitumaini msaada. Hakuupata.

"Mtoto amesema kweli," Mwalimu Verna alisema. "Na hapo ndipo mkondo wa juu utamfaa. Aisome Aljebra ya Kwanza vizuri, aichimbe. Halafu darasa la kumi apande viwili. Shida ni moja: masomo mawili ya hisabati yatakula nafasi ya somo jingine."

"Kwaya," Britta alisema. Alikuwa ameshaiona kwenye ratiba ya masomo iliyokuwa mezani.

Britta aliimba tangu akiwa mdogo. Aliimba bafuni, aliimba akifua, aliimba Duane akimsihi anyamaze.

"Mwaka mmoja tu," alisema. "Nitarudi darasa la kumi na moja."

Corinne aliweka kalamu chini. Alitamani sana kumpigia mtu kelele. Hakukuwa na wa kumpigia.

"Uamuzi ni wako," alisema.

Mwaka wa darasa la tisa ulipita vizuri. Fomu ya Februari Corinne aliipeleka kwa mkono wake siku ya kwanza, akasimama hapo mpaka ikapigwa mhuri. Darasa la kumi lilikuwa refu. Britta alikesha kwa maumbo na kulalama kwa milinganyo. Tamasha la kwaya lilipofika alikaa kwenye viti vya watazamaji, na akalia kidogo. Alipokwama, alikaa ndani ya basi alasiri, na Mwalimu Verna akamfundisha kabla ya kengele ya shule ya wadogo. Muhula mmoja alama zake zilishuka. Uliofuata zikapanda.

Darasa la kumi na moja alirudi kwenye kwaya. Darasa la kumi na mbili aliingia kalkulasi, akiwa mmoja wa wanafunzi kumi na tisa.

Corinne naye hakutulia. Alihudhuria kila mkutano wa wazazi, akauliza swali lilelile: kwa nini karatasi ya ngazi inakaa kwenye droo? Mkutano wa nne walichoka naye. Bwana Lofgren mwenyewe akasimama kumuunga mkono. Tangu hapo karatasi hutumwa kwa kila mzazi wa darasa la sita, wakati bado kuna muda.

Britta alikwenda chuo kusomea uhandisi. Wiki ya kwanza alipiga simu.

"Mama, nimepangiwa hisabati ya wahandisi, moja kwa moja. Hakuna somo la kuziba pengo."

Corinne alikaa kwenye ngazi ya basi. Alitaka kusema jambo la upole, lakini mazoea ni mazoea.

"Nani amekupangia? Umeisoma hiyo karatasi mwenyewe, au umetia saini tu?"

"Nimeisoma, Mama."

"Yote?"

"Yote. Kulikuwa na kosa ukurasa wa tatu. Nikawarudishia."