Mpishi wa Jumapili

Saa tano na dakika ishirini, Jumamosi asubuhi, mzani wa bucha ya pili kutoka lango la soko ulizidisha gramu sitini. Mkaguzi wa vipimo aliweka jiwe la kilo moja juu yake mara tatu, na mara tatu mshale ukapita alama. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, amevaa koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote, viatu vya bapa na saa ya kiume. Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika.

"Dada, leo tutauziwa mawe?" aliuliza mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu, mikono ina grisi hadi viwikoni.

"Wewe unanunua nini?"

"Mifupa. Kilo mbili."

"Basi nimekuokolea mfupa mmoja."

"Mbwa wangu atakushukuru. Anaitwa Bosi, kwa sababu nyumbani kwangu mimi ni mfanyakazi tu."

Mkaguzi hakucheka, lakini aliandika tarakimu isiyo sahihi kwenye fomu, akalazimika kuifuta. "Wangu anaitwa Tarishi," alisema bila kuinua kichwa. "Anabeba viatu vya wageni."

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa lifti. Jumamosi iliyofuata alifika kwenye chumba cha Mkaguzi na sufuria mbili zilizofungwa kwa kitambaa.

"Hii ya mbwa, hii yako. Usichanganye."

"Na nikichanganya?"

"Utabweka kidogo tu, kisha utazoea."

Waliona haya kwa siku chache, halafu hawakuona tena. Baada ya miezi kumi na moja walioana, wakapanga nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo na geti la chuma. Mke aliosha vyombo, alipiga pasi, aliogesha mbwa. Mume alipika. Si kwamba walikubaliana. Mke aliweza kuchemsha mayai na chai, na mume hakuweza kupita karibu na kitunguu bila kukikata.

Siku mbili kabla ya ugeni wa kwanza wa mama mkwe, Fundi alisimama mlangoni mwa bafu, mke akimsugua Bosi mgongo.

"Mpenzi, nina ombi. Mama akija, wewe ndiye umepika."

"Kwa nini nimwongopee mama yako?"

"Akiniona na mwiko atasema mimi ndiye nimeolewa. Alimwandama baba mdogo kwa maneno hayo hayo mpaka akahama mtaa."

"Mara ngapi?"

"Hii moja tu."

Mama mkwe alikuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa karibu miaka mitatu. Kila mara ilikwenda vilevile. Saa kumi na mbili asubuhi Fundi alikuwa jikoni, mbwa wawili miguuni pake wakingoja vipande. Saa tano na nusu alijisugua vidole kwa limau, akampa mkewe aproni.

"Geuka nikupake nyanya kidogo hapa kifuani."

"Unanipamba?"

"Nampamba mpishi wangu. Simama vizuri, Mkaguzi, usinichekeshe."

Kisha alimbusu shingoni, akakimbilia sebuleni, akafungua gazeti.

Mama mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, alikula polepole na kumaliza kila kitu. "Mwanangu, una mkono mzuri," alisema. Mkaguzi alijibu, "Karibu tena, mama." Hakuwahi kutamka kwamba amepika. Alikuwa amejitafutia majibu matatu au manne yasiyo ya uongo, na aliyatumia kwa zamu.

Wifi yake, msusi mwenye macho makali na hereni kubwa, ndiye aliyeanza kushuku. Kila mfuniko wa sufuria ulipogonga jikoni, mbwa wote wawili walimwacha mke aliyevaa aproni na kwenda kukaa mbele ya gazeti.

"Kaka, mbona wanakupigia saluti wewe, na mpishi yuko kule?"

"Wananiheshimu."

"Mbwa anaheshimu tumbo lake. Wifi, una la kusema?"

"Ongeza wali, wifi," alisema Mkaguzi.

Mwezi wa tisa mama mkwe alipasuliwa tumbo. Aliporudi kwake kidonda kilichelewa kufunga, na daktari akasema sababu haikuwa siri: mgonjwa hali chakula. Jumanne jioni mama alipiga simu.

"Mwambie mkwe wangu aje akae nami wiki mbili. Chakula chake tu ndicho kitakachopita."

Fundi alikata simu, akabaki ameishika.

"Sasa tumwambie," alisema mkewe.

"Mama ana mshono tumboni, wewe unataka kumpa habari za sufuria! Akipona nitamwambia. Naapa."

Mkaguzi alichukua likizo, akaenda kukaa kwa mama mkwe. Kwa siku nne Fundi alipika nyumbani na kumkabidhi mkewe hotpoti chini ya ngazi za mama. Mama alikula, na rangi ikaanza kumrudia. Siku ya tano, lifti ya jengo moja la ofisi ilikwama na watu saba ndani. Saa saba mchana Fundi hakuwa amefika, wala hakupokea simu. Mkaguzi alisubiri hadi saa nane. Halafu aliingia jikoni.

Mama alionja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Nani kapika hiki?"

"Mimi, mama."

"Na cha jana?"

"Mwanao."

"Na cha Jumapili?"

"Jumapili zote, mama. Ni yeye."

Fundi alifika saa kumi, ovaroli imelowa jasho. Mama alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni. Wifi alikuwa dirishani. Mama aliuliza swali moja: kweli au si kweli?

Fundi alimtazama mkewe, kisha akatazama shuka.

"Kweli, mama. Nilikuwa namfichia aibu. Hajui kupika, akaogopa utamdharau."

"Sema vizuri," alisema Mkaguzi.

"Tutaongea nyumbani."

"Sema hapa."

Mama alimgeukia mkwewe. Hakupandisha sauti; alikuwa amezoea madarasa makubwa.

"Miaka mitatu nakushukuru, nawe unaitikia karibu tena. Unaweza kwenda."

Jioni hiyo Mkaguzi alihamia kwa mfanyakazi mwenzake, na Tarishi, na sanduku moja. Fundi alipiga simu mara kumi na nne kwa siku tatu. Ya kumi na tano ilipokewa.

"Rudi nyumbani, mpenzi. Mama amesema amesamehe."

"Amesamehe nini?"

"Si hayo mambo ya kupika."

"Nani aliomba tufiche?"

"Mimi. Si unajua ni mimi."

"Mimi najua. Mama anajua?"

"Bosi hali tangu uondoke."

"Sikukuuliza habari za Bosi."

"Na mimi silali. Upande wako wa kitanda naupita kama ua wa jirani. Mkaguzi wangu, unataka nifanye nini? Nipige magoti?"

"Sitaki magoti, sitaki zawadi. Nataka sentensi moja, mbele ya mama, mimi nikiwepo. Ukiisema, narudi siku hiyo hiyo. Usipoisema, sirudi."

"Jumapili," alisema Fundi. "Mama atakuja kula. Jumapili nasema."

Jumapili Mkaguzi alifika saa saba na nusu, Tarishi nyuma yake. Alivaa gauni la kijani ambalo Fundi alilipenda, na sanduku lake alilishika mkononi. Bosi alimrukia mpaka akampaka matope kwenye pindo, hakumfukuza. Fundi alimpokea sanduku, akaliingiza chumbani mwenyewe. Mikono yake ilinuka kitunguu, na safari hii hakuisugua limau.

Walikula wanne. Mama alikuwa amekonda, fimbo imeegemea kiti chake, lakini alimaliza sahani. Wifi alisimulia habari za mteja aliyelala akisukwa na kuamka akiwa na mtindo wa mtu mwingine, na wote walicheka, hata Mkaguzi. Kwa dakika chache nyumba ilikuwa kama ilivyokuwa.

Saa tisa na robo mama aliweka kijiko.

"Mwanangu, yale yameisha. Ila nimefundisha miaka thelathini na nane, na kuna kitu hakinikai sawa. Wewe unawafungia wenye bucha mizani yao, hawakutishi na visu vyao. Mimi na fimbo yangu ndio ningekutisha? Nani alianza jambo hili?"

Mkaguzi alimtazama mumewe. Wifi naye alimtazama.

Fundi alifungua mdomo. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Chai inamwagika," alisema, akainuka, akaenda jikoni.

Walisubiri. Baada ya dakika tano wifi alimfuata, akarudi na kusimama mlangoni.

"Jiko limezimwa," alisema. "Kaka amesimama tu."

"Fundi," aliita Mkaguzi. "Nakungoja."

"Nakuja, mpenzi."

Hakuja. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Mkaguzi alikunja kitambaa chake cha mezani mara nne. Mama aliinyoosha mikunjo ya sketi yake, na aliposema hakumtazama mtu.

"Nenda, mwanangu. Huyu nimemlea mimi."

Mkaguzi aliingia chumbani, akatoka na sanduku. Wifi alimshika Bosi ukosi. Tarishi alitangulia uani.

Saa tisa na dakika thelathini na nane geti lilifungwa. Jikoni, bomba lilifunguliwa.