Nani Unamchukua Nyumbani?

Kitabu kilikuwa kimefungwa vizuri mno, hilo ndilo la kwanza. Mama Kibogoyo alizoea kukilaza kifudifudi kwenye mkono wa kochi, kurasa zimepanuka, maana mtoto akilia huna muda wa kutafuta alama, unakitupa tu na kukimbia. Mchana ule alirudi kutoka kuanua nepi akakikuta mezani, kimefungwa, kimenyooshwa sawasawa na ukingo wa meza, na kibanio chake cha nywele kimechomekwa ndani, mbele kabisa ya pale alipokuwa amefika. Akafungua. Ni pale bosi wa majambazi anapomvunja vidole mlevi aliyemshika msichana mkono.

"Fundi, umekigusa kitabu changu?" alimuuliza mumewe jioni.

"Mimi? Niguse majambazi wako wenye mapenzi?" Fundi akacheka. Alikuwa fundi wa friji, mikono yake ilinuka chuma hata akitoka kuoga. "Mimi nasoma vya maana."

Vya maana vilikuwa vya upelelezi, na alivisoma kuanzia ukurasa wa mwisho. Akishamjua muuaji ndipo anarudi mwanzo, miguu juu ya stuli, anasoma kwa raha zake.

"Sasa unasoma nini kama umeshajua?"

"Namwangalia muuaji anavyowadanganya wenzake. Wewe je? Kila kitabu mwanaume yuleyule. Suti nyeusi, kovu shavuni, glavu za ngozi, anaua watu halafu anakwenda kumbusu mtu kwenye paji la uso."

"Anaua kwa ajili yake!"

"Na mimi kwa ajili yako nakwenda sokoni. Mshike mtoto, anakula sabuni."

Wakacheka wote wawili, na mtoto naye akacheka kwa ufizi wake mtupu, ule uliompa jina la Kibogoyo. Kibanio kikasahauliwa.

Vitabu alikuwa akiviazima kwa wenzake, kundi la wanawake wachache kwenye simu, wanajiita Wasomaji wa Jikoni. Mkubwa wao alikuwa Msusi, mwenye saluni mtaa wa nyuma, na Msusi alikuwa na sheria zake. Ukimaliza kitabu unarekodi maoni kwa sauti, hakuna kuandika, "tunataka kusikia ulivyochanganyikiwa." Na huruhusiwi kumaliza bila kujibu swali lake: katika wote waliomo humo, nani unamchukua nyumbani?

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vyenye kuta nyembamba, kwa hiyo mtoto akilala, mahali pekee pa kusema bila kumwamsha palikuwa chooni. Mama mkwe alishamkanya. Chooni mtu huingia kimya na kutoka kimya, haimbi, haiti mtu. Lakini mama mkwe alikuwa na makatazo mengi, ungeyafuata yote usingepumua.

Basi siku aliyokimaliza kitabu akajifungia humo, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akabonyeza simu.

"Jamani, huyu bosi ameniua. Kwenye vitabu vya mume wangu mtu anakufa ukurasa wa kwanza, hatujui hata alikuwa anapenda kula nini, anageuka fumbo tu la kufumbuliwa. Huku damu ina sababu! Mtu akimliza msichana, analipa. Na kinachonimaliza kabisa, msichana anamwambia toka, sikutaki, na yeye hatoki. Hapo ndipo raha inapoanza. Nyota zote nampa. Nani namchukua nyumbani? Bosi, nani tena? Aje. Mlango uko wazi."

Akatuma. Msusi akajibu upesi. "Shosti, Fundi leo hakwenda kazini?"

"Amekwenda. Kwa nini?"

"Sikiliza mwisho. Ukishasema mlango uko wazi, kuna mwanaume anaitikia."

Akasikiliza. Bomba linadondosha maji. Pumzi yake mwenyewe. Halafu sauti nzito, ya karibu, kama ya mtu aliyeinama juu ya simu, ikisema: "Haya."

Akajiambia ni mwangwi wa vigae. Akatoka, na chooni hakurudi tena mpaka mumewe aliporudi.

Baada ya hapo ikaja harufu. Ngozi mpya, moshi wa sigara nene, na manukato ya bei ambayo mtaa ule haukuwa nayo, na nyumbani mle hakuna aliyevuta sigara. Ilikuja adhuhuri, nyumba ikiwa kimya, ikasimama mahali pamoja kama mtu anavyosimama. Karibu na kochi. Karibu na kitanda cha mtoto. Ukipita hapo unaisikia, hatua moja pembeni haipo.

Kisha jirani wa mlango wa pili akazitupa nepi za mtoto matopeni. "Kamba hii si ya babu yako!" Mama Kibogoyo hakuwa mtu wa kugombana. Aliziokota, akaingia ndani, akalia juu ya karai. Asubuhi yake mtaa mzima ukasikia yowe. Geti la chuma lilikuwa limembana jirani vidole, na upepo haukuwepo. "Limefungwa na mtu," jirani alikuwa akirudia, mkono kifuani. "Nawaambia limefungwa na mtu!"

Vidole. Mama Kibogoyo akakumbuka kibanio chake kilipokuwa, akatafuta pa kukaa.

Hakumwambia mumewe. Angemwambiaje? Akawa mkimya, akakazana kusoma kitabu kingine ili asifikiri, mpaka jioni moja Fundi akaja amechoka, akakuta hakuna aliyemtazama. "Ungenisoma mimi nusu tu ya unavyowasoma hao," akasema, bila hata kupaza sauti, "ungejua kwamba nimechoka." Maneno hayo yalimwingia. Machozi yakamtoka kabla hajayazuia, Fundi akawa anasema basi, nisamehe, sikuwa na maana hiyo, na tayari mlangoni palikuwa pananuka ngozi.

Kesho yake Fundi aliletwa nyumbani na wenzake wa karakana, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Aliwasubiri waondoke.

"Funga mlango," akanong'ona. "Mke wangu, nilikuwa peke yangu. Nachomelea bomba la friji. Mtu akanishika mkono kwa nyuma. Alikuwa na glavu, nimeiona kwa macho yangu, nyeusi. Akaupeleka mkono wangu motoni, taratibu, kama mtu anayepasha mkate, na huku ananisemesha sikioni."

"Alisemaje?"

Fundi alimtazama kama anayemwogopa. "'Usimlize tena.'"

Donge likampanda kooni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalimeza lote, maana alikuwa ameshaelewa. Akakaa kitako sakafuni, macho makavu, akaushika mguu wa mumewe, akamweleza yote. Fundi hakumlaumu. Aliuliza tu, "Na mwisho wake ni nini?" kwa sauti ya mtu aliyezoea kuujua kwanza.

Siku chache baadaye Kibogoyo akaota jino.

Alikuwa ananyonya, mchana kweupe, jua limejaa chumbani, na mama anampapasa kichwa akifikiria bendeji ya kubadilisha, ndipo yule mtoto alipobana kwa jino lake jipya kwa nguvu zake zote, na mama, kabla ya akili, akapiga kelele "Aah!" na chozi likamtoka, na hapohapo harufu ikawa imejaa chumba, si pale mlangoni, hapa, nyuma ya bega lake, na sauti ya ngozi ikivutwa juu ya vidole, kidole kimoja kimoja, na Kibogoyo akaachia titi akatazama juu, juu ya bega la mama yake, jinsi mtoto anavyomtazama mgeni mrefu, na mdomo wake ukaanza kupinda.

"Haiumi!" alisema mama. "Haiumi, baba, haiumi hata kidogo, mama anacheza, ona mama anacheka!" Akacheka. Akacheka huku damu inamchuruzika kwenye blauzi, akambusu mtoto, akambusu tena, mpaka mbavu zikamuuma, mpaka ngozi nyuma yake ikanyamaza, mpaka kilichobaki chumbani kikawa jua peke yake.

Shangazi yake ndiye aliyempeleka kwa Mama Manukato, mwanamke aliyeuza mafuta mazuri mbele ya pazia na kuagua wagonjwa nyuma yake. Hakumuuliza kitu. Alimvua mtandio akaunusa, akaurudisha upesi.

"Huyu hakutumwa," akasema.

"Mtoe, mama yangu. Nina mtoto mchanga."

"Wa kutumwa ningemrudisha kwa aliyemtuma, na wa kuzurura ningemfukiza akaenda zake. Huyu ameitwa. Amefunguliwa mlango akaitikia. Ni jini mahaba, mwanangu, anakupenda, na hao ndio wabaya. Aliyemkaribisha ndiye wa kumwambia atoke. Nenda palepale ulipomwita."

Akaenda. Alimwachia shangazi mtoto uani, Fundi akasimama nje ya mlango wa choo na mkono wake wa bendeji, na yeye akaketi juu ya ndoo ileile. Simu hakuichukua.

"Nimebadili maoni," akasema, na sauti yake ikampotea, akaanza upya. "Nimekirudia kile kitabu. Nyota nazifuta zote. Yule mlinzi aliyepigwa risasi getini hakupewa hata jina, lakini kuna mtu alikuwa anamngoja na chakula. Na yule mlevi alikuwa na mama. Kila anayekufa humo ana mama, na hakuna ukurasa hata mmoja wa mama zao, na mimi sikuona, nilikuwa namtazama bosi tu. Sasa nina mtoto na nimeona. Mimi namchukua nyumbani mtu wa kwenda sokoni. Ninaye. Wewe sikutaki. Toka."

Bomba likaacha kudondosha maji. Harufu ikapungua, ikapungua, akasikia mumewe nje anavuta pumzi, na yeye mwenyewe akaanza kuinuka.

"Wote husema hivyo," ikasema sauti, kwa upole, sikioni kabisa. "Hapo ndipo raha inapoanza."

Yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Mama Manukato alifukiza, akasoma, akapaka, na mwisho akawaambia kweli, kwamba hana la zaidi. Kumpeleka mtoto kwa bibi yake? Mama angelia kwa kumkosa, na akilia yeye lazima mtu alipe. Kwa hiyo Mama Kibogoyo akajifunza. Alijifunza kuchomwa na sufuria akitabasamu. Mama yake mzazi alipofariki alisimama kaburini macho makavu, maana alikuwa amezungukwa na wajomba na watoto wa dada zake, na hakujua yule atamtafuta nani wa kulipa, na nyuma yake alisikia watu wakinong'ona: ana moyo wa jiwe, hata mamake mzazi. Msusi na wenzake waliacha kumtumia vitabu. Fundi, ambaye vidole vyake havikukunjuka tena, alijifunza kutomwambia kwamba amechoka, na usiku walilala kama wageni wenye adabu.

Kibogoyo akakua, akaanza shule, na meno yake ya utotoni yakaanza kung'oka, akawa kibogoyo tena. Asubuhi moja hakutaka kwenda. Akagombana na soksi, akagombana na begi, akarusha kiatu, kikampiga mama yake mdomoni. Damu ikatoka.

"Haiumi," akasema mama, na kutabasamu.

"Wewe huumii!" Mtoto akaanza kulia, kilio cha kweli, cha siku nyingi. "Huumii kamwe! Wenzangu mama zao wanaumia, wanakasirika, wanalia! Hata mimi nikifa wewe utacheka tu!"

Harufu ya ngozi ikafunguka ukumbini. Mama alipiga magoti mbele ya mwanawe, akamshika mabega, na kila kitu ndani yake kikataka kumwambia, ninaumia, mwanangu, ninaumia tangu siku ulipoota jino. Macho yakaanza kumchoma.

Mtoto akanyamaza ghafla. Alikuwa anatazama juu, juu ya bega lake.

"Mama," akanong'ona. "Yule ananiuliza kama umeumia kweli. Nimwambie nini?"

"Mwambie haiumi," akasema, akatabasamu kwa meno yote, mekundu. "Mwambie, baba. Sema kwa sauti asikie."