Kolone Mbili kutoka Kasindi

Kila asubuhi kabla ya shule, Nasiba alipeleka mikate ya kukaanga ya mama yake kwenye maabara ya mafuta ya maua, pale mtaa wa Mususa, mjini Butembo. Wakulima walileta mafuta yao yenye harufu nzuri, na Bwana Benoît, fundi aliyetumwa kutoka Kasai, alipima kama ni safi. Nasiba alikuwa na miaka kumi na mmoja na masikio makali, ila subira ya kuuliza hakuwa nayo.

Siku hiyo alimkuta Benoît akizungumza na Simone, msaidizi wake.

"Kolone mbili zinatoka Kasindi leo," alisema Benoît. "Moja iko mufupi, imejaa. Ingine iko murefu sana, lakini ile njo ya nguvu. Inatenganisha hata bitu bya kufanana."

Nasiba aliganda. Mwaka huo wa 1964 waasi na askari wa serikali walikuwa wakiwindana barabarani, na kwa watu wa Butembo kolone ilikuwa msururu wa magari ya askari, basi. Imejaa nini kama si bunduki? Inatenganisha nani kama si watoto na wazazi? Na baba yake, Maulidi, alikuwa anarudi na lori kutoka huko huko Kasindi. Aliacha kapu mezani akatoka mbio.

Wa kwanza kupewa habari kwamba askari wanakuja alikuwa Mama Débora, jirani yao aliyejifungua siku nne zilizopita.

"Uliona wewe mwenyewe na macho?" Débora aliuliza.

Nasiba aliogopa kwamba hataaminiwa. "Ndiyo, niliona."

Baada ya saa moja mtaa mzima ulikuwa umevurugika. Mmoja alisema kolone ni tatu, mwingine alisema zimeshafika mjini. Jirani mmoja alikimbia na saa ya ukutani, akasahau unga. Nasiba aliposikia habari yake ikimrudia imenenepa hivyo, alichanganyikiwa kabisa, hata akaanza kuamini kwamba kweli aliziona.

Saa nane, mvua ikinyesha, lori la baba yake likaingia.

"Kuko nini hapa?" aliuliza Maulidi. "Askari? Nimetoka Kasindi, sikuona hata mumoja."

Benoît alikuwa amekuja kupokea sanduku lake lililoletwa na lori hilo. Alipolifungua, Nasiba aliona bomba fupi la chuma lililojaa unga wa mawe, na jingine jembamba kama waya, refu, limeviringishwa.

"Kolone njo hizi," alisema Benoît. "Napitisha ndani mvuke ya mafuta. Ile mufupi inapokea mingi, lakini inaacha bingine bimechanganyika. Ile murefu inapokea kidogo tu, basi inatenganisha muzuri. Kama mutu alichanganya mafuta, itaonekana."

Nasiba alilia. "Baba, Mama Débora alikimbia na mutoto njia ya Vulamba. Nilimwambia niliona. Sikuona kitu."

Maulidi aligeuza lori. Walimkuta Débora kupita Vulamba, upande wa mji ulio mbali na barabara ya Kasindi, kwenye kibanda cha wachoma matofali, amelowa, na kichanga kimepoa mikono. Nasiba alipiga magoti kwenye matope.

"Askari hapana, mama. Nilisikia tu. Nilikudanganya."

Maulidi alimfunika mtoto kwa koti lake, na ndani ya lori walingoja kwa hofu mpaka kichanga kikaanza kunyonya. Hapo ndipo alipomgeukia binti yake.

"Mwanangu, masikio yako ikuwe kama ile kolone mufupi, ipokee mingi. Lakini kinywa kikuwe kama ile murefu. Tenganisha kwanza yenye uliona na yenye ulisikia, njo useme."

Jioni hiyo Nasiba alipita mlango kwa mlango kukiri uongo wake, na aibu ilimchoma kila alipobisha. Kwenye mlango wa mwisho bibi mmoja, mizigo yake bado kichwani, alimuuliza kama barabara ni salama kweli.

Nasiba alifikiri kwanza.

"Mpaka Vulamba niliona mwenyewe," alijibu. "Barabara ya Kasindi, baba njo aliona. Mumuulize yeye."