Mpangaji wa Chumba Changu

Natoka kununua mkate, nakuta godoro langu uani. Baba kalikalia... anapaka mafuta kitasa kipya.

"Chumba nimekipangisha," akasema. Hata macho hakuinua.

"Chumba gani?"

"Chako. Mpangaji anaingia saa kumi. Ana digrii, ana kazi ya benki. Mtu mzima, siyo wewe."

Jamani, mimi nina miaka ishirini na saba. Chuo niliacha mwaka wa tatu, sasa nachora mabango ya maduka. Siku nyingine napata, siku nyingine napiga miayo.

"Nitalala wapi, baba?"

"Mimi umri wako nilikuwa na nyumba, mke, na wewe mgongoni."

"Kiwanja si ulipewa na babu?"

Baba ni seremala. Akaniangalia kama mbao yenye mchwa.

"Nikirudi nisikukute."

Akakipachika kitasa kwenye mlango wa chumba changu, akaufunga, akaenda karakana na funguo zake.

Utundu wangu mnaujua. Kitasa kipya, sawa, lakini mlango unafungukia nje, bawaba zote ziko uani. Nikang'oa pini tatu, nikaubeba mlango mzima. Mtu wa benki akikuta chumba hakina mlango, si atakimbia mwenyewe?

Saa kumi baba akarudi na mpangaji, wakanikuta uani bado nimeubeba. Jamaa ana kipara, anakaribia arobaini. Nyuma yake mama mmoja kakumbatia mto.

"Mimi ndiye mama yake," akamwambia baba. "Hajawahi kuishi nje ya nyumbani. Asubuhi umgongee, haamki mwenyewe."

"Mama, jamani..." mpangaji akanong'ona.

Nilicheka mpaka mlango ukataka kuniponyoka.

"Baba, mtu mzima ndiyo huyu?"

Nikajua nimeshinda.

Yule mama akaninyooshea kidole. "Na huyu aliyebeba mlango ni nani?"

Baba hakusita. "Fundi. Anaurudisha sasa hivi."

Fundi... Hakusema mwanangu.

Kicheko kikanikauka. Mnajua nilifanya nini? Niliurudisha. Nikagonga pini moja moja, nikaujaribu kama unafunga vizuri, nikasogea wapite.

"Ahsante, fundi," yule mama akaniambia.

Wenzangu mnaobishana na wazazi kuhusu umri, sikieni. Nilitaka baba aone kwamba siku hizi hata mwenye digrii anahama kwao na kipara. Akaona kwa macho yake. Bado sina pa kulala.

Tafuta chumba kwanza. Ubishi utaufanyia hukohuko, ukiwa umejifungia kwa ndani.