Mume Wangu Alianza Kukonda, Nikaona Aibu

Nina miaka arobaini na sita, naishi Mbinga mjini, nina mume na watoto watatu. Na ni mpumbavu. Nimelitanguliza hilo ili msomaji usihangaike kunitafutia jina...

Mume wangu, Baba Neema, ni mtu wa Chiwanda, kule ziwani. Kakulia ugali wa muhogo na usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa. Nilipoolewa naye alikuwa mwembamba, mkakamavu, anapiga kasia siku nzima hachoki. Kisha akapata kazi ya kupima kahawa ghalani, tukahamia mjini, na mimi nikajiona mke wa bosi!

Mama mkwe alikuwa akitutumia kiroba cha usipa mkavu. Nashukuru kwa simu, halafu nawamwagia kuku. Mke wa mpimaji ale usipa? Thubutu!

Na mtaani kwetu ukitaka mchicha upande mpaka sokoni. Ukitaka chipsi, toa mguu nje tu. Mabanda manne ya chipsi, mawili ya kitimoto, nguruwe wa kukaanga, na soda kila dirisha. Kila jioni naagiza, naletewa, na nahakikisha sahani imepita mbele ya macho ya watu.

Ghalani nako wana mchezo wao. Msimu ukifungwa, wanaume wanapanda mizani ya kahawa mmoja mmoja, na aliye mzito kuliko wote ananunuliwa kitimoto. Baba Neema alishinda misimu mitatu mfululizo! Watu wazima na ndevu zao, wanampigia makofi binadamu kwa kuwa na uzito wa magunia mawili... Na mimi napiga vigelegele.

Mwaka jana akaanza kuhema akipanda kilima cha kanisani. Daktari akatuambia wazi: presha iko juu, sukari iko juu, mwili upungue, la sivyo atadondoka. Baba Neema hakubisha. Akaomba usipa wake, akaomba majani ya maboga, na kila Jumamosi akawa anakwenda shambani kwetu Mpepai kulima kwa mkono wake. Baada ya miezi minne suruali zinamvuka! Kilima kile kile anakipanda huku anapiga mluzi.

Basi jirani yangu Mama Eda, mwenye banda la chipsi, akaniita pembeni na sauti yake ya huruma. "Shoga, Baba Neema vipi? Mbona anaisha hivyo? Mpeleke akapime, siku hizi dawa zipo."

Mmeelewa? Ngoma! Yaani UKIMWI! Jumapili hiyo wanawake wa jumuiya wakawa wananikagua mimi kuanzia shingo mpaka kisigino, wanatafuta na mimi nimekondea wapi. Wanafiki wakubwa!

Mwanamke mwenye akili angejibu kwamba mume wangu anafuata matibabu, kwisha habari. Lakini mimi? Nikaona afadhali mume mnene mgonjwa kuliko mume mzima anayesemwa.

Nikaanza vituko. Usipa nikaukaanga mpaka unaelea kwenye mafuta. Chai nikaijaza sukari. Nikamwambia madaktari wanapenda kutisha watu. Akikataa kula nalia, nasema ameyachoka mapishi yangu. Mwanaume mpole yule, akawa anakula ili ninyamaze.

Siku moja aliitazama sahani ya chipsi na kitimoto, akaniuliza taratibu, "Mama Neema, hivi unanilisha mimi au unawalisha majirani?"

Nikamcheka. Akala.

Msimu ulipofungwa akapanda tena mizani. Akashinda... Wakashangilia! Jumapili iliyofuata, tukitoka misani, akadondoka kwenye kilima kile kile. Kiharusi! Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao.

Wa kwanza kuja kutupa pole ni Mama Eda. Kaja na nini? Soda chupa kubwa na chipsi kwenye mfuko, eti mgonjwa ale arudishe mwili! Nilimrudishia mfuko wake, nikamwonyesha geti. Halafu nikabaki nimesimama pale, kwa sababu yeye alisema tu. Aliyepika ni mimi.

Mama mkwe naye amekuja, na kiroba chake. Shikamoo yangu aliiitikia vizuri, hajanilaumu hata neno moja, na hilo ndilo linaloniua. Anachemsha usipa, anauponda, anamlisha mwanawe kwa kijiko.

Wanawake wenzangu, nawasihi! Mume akikonda kwa ushauri wa daktari, mwacheni akonde. Wanaosema waseme mpaka mate yawakauke. Siku ya kumgeuza mgonjwa kitandani hamtawaona. Waliokuwa wakinisema mimi wameshaacha kuja hata kuchungulia.

Kila nikimfuta mdomo Baba Neema ananitazama, na najua anasubiri nini. Jana, mama yake akiwa anamlisha, nilipiga magoti kando ya kitanda nikamjibu. Majirani, mume wangu. Nilikuwa nawalisha majirani.

Akafumba macho, akaendelea kutafuna.