Mwili wa Siku ya Tisa

Majini yenye kwato waachie watu wa pwani. Hili la kwetu Mhunze lilianza na harufu tu: mtoto wa Klara, miezi minane, aliogeshwa kwa sabuni akatoka ananuka tope la shimoni. Kisha akashinda analia, na kifuani pake ikasikika ko, ko, ko, kama nyundo inapasua mwamba, mchana kweupe, watu wanakula michembe ya viazi.

"Babu yake anataka jina," akasema mama mkwe, Martina.

Hapo Wasukuma hawabishani. Mtoto akabadilishwa jina, akaitwa Ngassa, kama mume wa Martina aliyefukiwa duarani, kwenye shimo la dhahabu, kule Nyarugusu mwaka 1991. Kulia akaacha kweli. Lakini na ziwa la mama akaliacha, na ko, ko ikazidi.

Mganga, Bibi Kudra, alimgusa kisogo akaurudisha mkono upesi. "Huyu si babu yenu. Niletee habari za mliyemzika, toka kuzaliwa mpaka kaburini. Mgeni namtoa kwa jina lake. Bila jina, mtoto Jumapili haioni."

Klara akakimbilia parokiani. Katekista Edson alishusha vitabu, akapuliza vumbi. Ubatizo wa Ngassa, upo. Ndoa, ipo. Kwenye kitabu cha marehemu kidole chake kikakwama.

"Mama Ngassa," alinong'ona, "keti kwanza."

Imeandikwa: *Mwili umetolewa duarani siku ya tisa. Si wa Ngassa, huyu ni mrefu. Familia imechoka kungoja, imeomba uzikwe huu.*

Klara alifika nyumbani anahema. "Mayu, mama, mlimzika nani?"

Martina akaziba uso kwa kanga. "Nilikuwa na mumeo tumboni, mwanangu. Ng'ombe wa msiba keshachinjwa, shemeji zangu wanataka kurudi kwao... tukasema maiti ni maiti."

Miaka thelathini na zaidi walimmwagia pombe mtu baki, wakimwita Ngassa, Ngassa, hata akazoea, na walipoliita jina hilo juu ya kichwa cha mtoto akaitika, akaja na tope lake na nyundo yake, na sasa Bibi Kudra anazunguka na usinga akitaja kila mwanamume aliyewahi kusikia kuwa alishuka maduarani, Marwa, Nasibu, Marcel, Sostenes, anataja mpaka sauti inamkauka, na ko, ko, ko haikatiki.

"Tuambie jina lako, baba," Klara alilia, "tukuage kwa heshima."

Mtoto, jino hata moja hana, akafumbua macho. Ikatoka sauti ya mwanamume mzima, ya upole:

"Nimelisahau, mayu. Hili mlilonipa linanitosha."